Nusu ya Njia Iliyobaki

Kilichoanza kilikuwa kitu kidogo tu, cha kumfanya mtu akune kisogo kisha aendelee na shughuli zake: Brashi aliacha karatasi nyeupe mezani akaenda kula, na aliporudi akazikuta zimechorwa.

Tuelewane kwanza. Brashi hakuwa mtu wa kusahau alichochora. Alikuwa mchoraji wa mabango tangu ndevu hazijamtoka. Vinyozi, magereji, maduka ya dawa, wote walipita mikononi mwake, na ng'ombe aliyemchora kwenye bucha ya kona alikuwa na macho ya huzuni kiasi kwamba kuna mteja aliapa kutogusa nyama tena. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na hakuna aliyembishia, maana kumbishia Brashi ni kazi ya mchana kutwa. Lakini mashine za kuchapa mabango zilipoingia mjini, kazi ikamkaukia kama rangi kwenye kopo lililosahaulika wazi. Mtu aliyeandika majina ya barabara nzima akawa anashinda kwenye kiti uani, akimfundisha mkewe namna ya kuanika nguo.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "nguo nilizianika kabla sijakujua. Tafuta kazi kabla sijakuanika wewe."

Ndipo akaenda kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kwake kwa umri, mwenye karakana ya katuni za kuchorwa kwa mkono. Zile ambazo kila mwendo ni rundo la karatasi, na kila karatasi imechorwa na mtu aliyekaa kitako hadi mgongo ukamlaani. Alikuwa amepata katuni ndefu ya kutengeneza na alihitaji mikono.

"Mikono ninayo," Brashi akasema, akaikunjua yote miwili mbele yake kama anauza samaki.

"Mikono ya kuchora kilichosimama," Mwalimu akamjibu. "Bango halitembei, fundi. Nichoree mpira unaodunda, nyundo inayopiga, na mtu anayeanguka. Nikiamini uzito wake, kiti chako kile pale."

Akamkopesha meza ya taa, yenye kioo juu na taa chini yake, na vipini viwili vya chuma vya kushikilia karatasi zilizotobolewa ili zisihame. Akamfundisha kanuni. Unachora mwanzo wa mwendo, unachora mwisho wake. Hiyo ndiyo michoro mikuu. Kisha unajaza katikati. Michoro ya kati ikikaribiana, kitu kinakwenda taratibu. Ikiachana, kinakwenda kasi. Na pembeni ya mchoro mkuu unaweka kipimo, yaani mstari uliosimama wenye vijistari kama vya rula, kila kijistari kikionyesha mchoro mmoja wa kati ukae wapi.

Brashi alimletea mpira wake wa kwanza akiwa amevaa shati la sikukuu. Mwalimu akazishika karatasi, akazipekua kwa vidole, trrrr, akaanza kucheka hadi akashikilia meza.

"Fundi! Umegawa nusu, halafu nusu ya iliyobaki, halafu nusu ya hiyo tena. Mpira wako hautafika chini hata dunia iishe! Kitu kinachoanguka kinaongeza kasi, hakibembelezi." Penseli nyekundu ikapita juu ya kazi yake kama kisu juu ya nyanya. Kisha akagusa ule mstari wa pembeni. "Na hiki kipimo umemwekea nani?"

"Si umesema kiwekwe?"

"Kipimo ni amri. Mchoraji mkuu anamwandikia msaidizi wake: jaza hapa, na hapa, na hapa. Wewe uko peke yako chumbani. Unamwamuru nani?"

"Najiamuru mwenyewe. Mimi ndiye bosi, mimi ndiye kijana wa kazi."

Mwalimu hakucheka safari hii. "Basi jiamuru kwa mdomo. Amri isiyo na mtu haiachwi wazi mezani."

Brashi akaona haya ni mambo ya walimu. Mwalimu asipokuwa na sheria ya ziada anajiona hajavaa. Akarudi nyumbani.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chumba cha watoto, ambao walikuwa shule ya bweni. Dirisha lilitazama uani, kwenye ngazi za zege zilizopanda hadi kwenye paa bapa ambako mkewe alianika nguo. Ngazi hazikuwa na kishikio. Brashi aliahidi kukiweka tangu kifungua mimba wao anatambaa. Kwa kuwa meza ya taa haipatani na jua, alilifunika dirisha kwa blanketi. Nje adhuhuri inawaka, ndani ni giza totoro, na mwanga wa meza unammulika kutoka chini ya kidevu kama maiti aliyekumbuka kitu.

Akachora mpira juu, akachora mpira chini. Akaweka kipimo, safari hii vijistari vikiachana kama alivyofundishwa. Akapanga karatasi nyeupe juu ya vipini. Mkewe akamwita kula. Akaenda.

Aliporudi zilikuwa zimechorwa. Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Umeshika meza yangu?" akauliza kutoka mlangoni.

"Nikishika meza yako," mkewe akajibu jikoni, "nani atashika sufuria?"

Akazipekua. Mpira ukaanguka, ukabonyea, ukaruka. Na ulipogusa chini sakafu yenyewe ikasema du, hadi kopo la penseli likacheza. Akatazama chini ya meza, nyuma ya mlango, chini ya kitanda cha watoto. Hapakuwa na kitu kilichoanguka.

Mtu mwenye akili zake angeifunga ile meza kwa kamba akairudisha. Brashi akavaa tena shati la sikukuu.

Mwalimu alizipekua zile karatasi mara moja. Akazipekua tena. Penseli nyekundu ikabaki hewani bila kazi. "Huu una uzito," akasema polepole. "Huu una uzito kabisa. Umechora mwenyewe?"

"Kwani nyumbani kwangu kuna mwingine?"

Akarudi akitembea katikati ya barabara, pikipiki zikimkwepa.

Zoezi la pili la mpira lilimng'oa jino. Alikuwa anazipekua karatasi zilizojazwa na yule asiyeonekana, mpira mkubwa safari hii, wa chuma, unaotupwa upande. Na ulipofika ukingoni mwa karatasi ya mwisho, kitu kizito, baridi, cha mviringo, kikamgonga mdomoni, kikamtoa kwenye kiti na kumbamiza ukutani. Alikaa sakafuni akitema damu kiganjani. Na juu yake, gizani, sauti kama karatasi zinazopekuliwa ikauliza kwa adabu:

"Uzito umeuona, bosi?"

Mkewe alipouliza juu ya jino, akasema ameteleza bafuni. Kwa nini? Kwa sababu kesho yake Mwalimu aliiita karakana nzima kuja kuutazama ule mpira. Sifa ni pombe isiyo na chupa. Jino moja, Brashi akajiambia, hata mabibi harusi wanatabasamu nalo likiwa halipo.

Yakabaki mawili: nyundo na anguko. Siku hiyo aliamka na kiburi chake, akachora michoro mikuu ya yote mawili asubuhi ileile. Ya nyundo: mkono umeinua, kisha nyundo imetua juu ya kigingi kilichosimamishwa ukingoni mwa meza. Ya anguko alihitaji mtu. Mwalimu alikuwa amesema, chora mtu ambaye mwendo wake unaujua ukiwa umefumba macho.

Mkewe aliingia na beseni la nguo mbichi kiunoni, akainama mezani. "Huyu ni nani?"

"Wewe, juu ya ngazi."

"Mimi ndiye mwenye makalio haya?"

"Katuni inakuza ukweli, mke wangu."

"Na huyu chini?"

"Wewe tena. Umeshafika."

Mwanamke wa mchoro wa mwisho alilala mwishoni mwa ngazi, miguu juu, beseni limemfunika nusu, na kichwa kimegeukia kule ambako kichwa hakigeukii. Mkewe akaacha kucheka. "Shingo mbona umeipinda hivyo? Umenichinja kama kuku."

"Inachekesha."

"Cheka wewe." Akakaza beseni kiunoni. Mlangoni akageuka, akanusa. "Na humu ndani kuna nini kinaungua kila siku? Sipendi unavyokuwa ukitoka humu, baba watoto. Unatoka kama mtu aliyekuwa anaongea."

Akaenda zake. Brashi akasikia kandambili zake zikipanda zege, chapu, chapu, chapu, hadi juu. Akaweka vipimo kwenye michoro yote miwili, vijistari vikiachana vizuri. Akaziweka karatasi za nyundo juu, za anguko chini yake. Akasimama, akatoka, akanywa maji taratibu kama mtu anayempa mgeni nafasi ya kuvaa.

Aliporudi nyundo ilikuwa imejazwa.

Akaketi, mkono wa kushoto juu ya ukingo wa meza, akapekua kwa wa kulia. Na hapo ndipo alipomwona. Ukitazama karatasi moja moja, hayumo. Ni mkono na nyundo tu. Ukizipekua, yumo: nyuma ya mkono unaopiga kuna mkono mwingine unaousukuma, mrefu, wenye viwiko vingi kuliko haki yake, na juu yake uso uliokuwa kila mara katikati ya nyuso mbili, haujamaliza kuwa huu wala haujaanza kuwa ule. Brashi akaacha kupekua. Uso ukapotea. Akapekua tena kwa sababu kidole kilikataa kuamini, na uso ulikuwa umegeuka, sasa unamtazama yeye.

Kando ya mlango kitu kikagonga ukuta, tik.

Ilikuwa nyundo yake ya kugongea fremu za mabango, iliyotundikwa msumarini miaka yote. Haikuwa msumarini tena. Ilikuwa hewani, chini kidogo ya msumari, imetulia. Kisha ilikuwa karibu kidogo zaidi, na haikupita mahali kufika hapo. Ilikuwa pale, sasa iko hapa. Kisha hapa. Kisha hapa. Michoro ikikaribiana, kitu kinakwenda taratibu. Brashi akataka kuondoa mkono wake wa kushoto ukingoni mwa meza, ukakataa, kwa kuwa kilichoushika kilikuwa kimeukandamiza kwenye mbao na kuvisimamisha vidole vyake pamoja kama kigingi, vilevile alivyokichora. Na nyundo ikawa katikati ya chumba, na nafasi kati ya hapa na hapa zikaanza kuachana, na yeye aliyechekwa na Mwalimu kwa ajili ya jambo hilihili alijua zikiachana maana yake nini, akafungua mdomo kumwita mkewe, na sauti haijafika menoni nyundo ikawa juu ya kichwa chake, ikawa kifuani pake, ikawa imefika.

Mfupa ulilia kama kuni mbichi. Vidole viwili vikawa kitu kisicho na umbo, damu ikaruka juu ya kioo cha taa na chumba chote kikawa chekundu.

"Uzito umeuona, bosi?"

Brashi alipiga ukelele wa mnyama. Na katikati ya ukelele wake mwenyewe akasikia sauti nyingine, ndogo, yenye bidii, kwaru, kwaru, kwaru. Karatasi za nyundo zilikuwa zimeshateremka sakafuni. Juu ya vipini kulikuwa na anguko, na penseli ilikuwa imesimama wima peke yake, inachora.

"Acha!" akasema. "Hiyo basi. Hiyo sitaki."

"Kipimo kipo, bosi."

Akarukia dirisha, akaling'oa blanketi kwa mkono mzima. Jua likaingia kama kofi. Kule nje, juu kabisa ya ngazi, mkewe alikuwa amesimama na beseni, mguu mmoja umepita ukingo, na hakuwa akianguka. Alikuwa ameinama mbele na kutulia. Penseli ikasema kwaru. Akawa ameinama zaidi. Hakupita katikati. Mdomo wake ulikuwa wazi na sauti ilitoka vipande vipande, ba, ba, wa, kama redio yenye betri mbovu.

Brashi akaikamata ile karatasi iliyokuwa inachorwa, akaivuta. Ikachanika pembeni, pale palipokuwa mkono wa mwanamke, na kule nje mkono wa mkewe ukafunguka kutoka begani hadi kwenye kiwiko, damu ikamwagika na kusimama hewani matone matone, ikisubiri mchoro unaofuata. Akaiachia karatasi kama kaa la moto. Basi hata kuchana hakuna, hata kuchoma hakuna. Ukimgusa yule wa karatasini unamgusa yule wa kwenye ngazi. Akaikamata penseli yenyewe, na hapo kazi ilipokatizwa yule jini akaacha adabu: akamnyanyua kwa koo, akambamiza darini, akamwachia, akamdaka kabla hajafika chini na kumbamiza ukutani kwa uzito wote wa ule mpira wa chuma, mbavu zikaitika moja baada ya nyingine, kisha akamtupa chini ya meza, na penseli ikarudi karatasini, na sauti haikuwa hata na pumzi ya mtu aliyepigana.

"Kazi inaendelea, bosi."

Kwaru. Mkewe alikuwa hewani, ngazi chini yake, beseni limemtangulia. Kwaru. Kichwa kimetangulia beseni. Nafasi zilikuwa zinaachana.

Nani aliyesema kosa la mwanafunzi halina faida? Brashi, uso umejaa damu, akalikumbuka lile cheko la Mwalimu. Hata dunia iishe, alisema. Hakugusa karatasi ya mwanamke tena, hakugusa penseli ya jini. Alipanda juu ya meza kwa viwiko, akachukua kifutio kwa meno, na akafuta vijistari vya kipimo vilivyobaki. Penseli ikasita.

"Bosi?"

"Nusu," Brashi akasema, akitafuta kipande cha penseli kwenye damu yake. Mkono wa kulia ulitetemeka kila mahali isipokuwa kwenye ncha. Miaka yote ile ya kuandika majina ya watu akiwa juu ya vipandio vya ngazi haikuwa bure. Akapiga kijistari. "Kutoka hapo ulipofika hadi mwisho. Nenda nusu."

Kwaru. "Halafu, bosi?"

"Nusu ya iliyobaki."

"Halafu?"

"Nusu ya hiyo! Halafu nusu ya hiyo, na hiyo, na hiyo! Usiruke hata moja! Mimi ndiye bosi hapa au siye?"

Harufu ya nywele zinazoungua ikapanda. Kisha, kwa adabu ileile: "Wewe ndiye, bosi."

Kwaru, kwaru, kwaru.

Kule nje mkewe, kichwa chini miguu juu, shingo yake ikielekea kwenye ngazi ya mwisho, akaanza kwenda taratibu, halafu taratibu zaidi, hadi akawa kama asali inayokataa kutoka kwenye kijiko. Brashi alitoka akiburuza mguu, akapiga magoti chini yake, akaweka bega lake kati ya kisogo cha mkewe na zege, akamtoa hewani kama mtu anavyotoa chungu rafuni. Alipomgeuza uzito wake wote ukarudi ghafla, wakaanguka pamoja juu ya nguo mbichi.

Mkewe akatazama mkono wake uliochanika, akatazama vidole vya mumewe, akatazama dirisha ambamo penseli ilikuwa inacheza peke yake juani. Hakuzimia, hakuwa mwanamke wa kuzimia kabla hajapewa maelezo.

"Wanaume wengine wanaficha nyumba ndogo," akasema, meno yakigongana. "Wangu ameficha kijana wa kazi."

Mganga waliyemleta alikuwa mtu mzito, mwenye sifa ya kufukuza majini kwa kuyakaripia tu. Aliingia chumbani na ubani wake, akakaa humo kitambo, akatoka ubani ukiwa haujawashwa.

"Mtoe basi," mke akamwambia.

"Mama, mimi namtoa aliyeingia. Huyu hakuingia. Huyu aliajiriwa." Akapangusa jasho. "Mwenye kuajiriwa anaondoka siku kazi ikiisha."

"Na kazi ikiisha?" Brashi akauliza.

Mganga alimtazama mke, akaitazama shingo yake, akaaga.

Wakaishi hivyo. Ukipita mlangoni unasikia kwaru, kwaru, mchana na usiku. Karatasi zilipowaishia mara moja, mkewe aliamka na mstari mwembamba wa penseli shingoni, chini ya sikio, usiofutika kwa sabuni wala mafuta ya taa; tangu hapo karatasi hazikukosekana tena. Na kila siku kichwa chake kiliinamia bega la kushoto zaidi ya jana, unywele tu, kitu ambacho mgeni angekiita madaha.

Mwalimu alikuja mwenyewe kuuliza kwa nini fundi haonekani. Wakamweleza yote, mkewe akiongeza chumvi pale Brashi alipoipunguza. Hakushangaa sana. Alisimama mbele ya meza, akasubiri karatasi mpya zitoke chini ya ile penseli, akazichukua za mwisho mwisho na kuzipekua.

"Amekaribia kiasi gani?" Brashi akanong'ona.

"Haifiki. Nusu ya nusu haifiki kamwe," Mwalimu akasema, na uso wake ukabadilika. "Kwenye hesabu. Lakini hapa si hesabu, fundi, ni penseli. Mstari wa penseli una unene." Akaziweka karatasi mbili juu ya taa. Shingo ya mwanamke na shingo iliyovunjika zilikuwa zinakaribia kuwa mstari mmoja. "Nafasi ikiwa nyembamba kuliko mstari, amefika."

"Nitanoa penseli."

"Umeshanoa. Huu ni unywele. Utanoa hadi wapi?"

Uani mkewe alikuwa anaimba kwa sauti ndogo, kichwa ameshikilia kwa kiganja kama mwenye jino bovu. Brashi alitazama karatasi. Ndogo, kama zote, za kutosha kwenye meza ya mtu mmoja. Kisha akatazama mikono yake, mmoja mzima na mmoja magofu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya nyundo yule Brashi wa zamani akarudi usoni pake.

"Mwalimu," akasema, "mimi ni mtu wa mabango."

Ndiyo maana ukuta wa nyuma wa nyumba ile, unaotazamana na barabara, una mwanamke mkubwa kuliko gari la mizigo anayeanguka kutoka kwenye ngazi. Brashi alimhamisha mwenyewe kutoka karatasini, amefungwa kamba kiunoni, Mwalimu chini akimpigia kelele kuhusu uwiano. Akachora pale alipofikia na pale anapokwenda, na nafasi iliyokuwa ya unywele mezani ikawa ya kiganja ukutani. Pembeni akaweka kipimo, kirefu, na neno moja: NUSU. Akateremka, akaacha chaki juu ya jukwaa. Mezani penseli ikalala chini. Ukutani chaki ikasimama.

Watu wanadhani ni tangazo. Wapo wanaobishana ni la sabuni au la bima. Mkewe hukaa dirishani mchana, kichwa upande, anawajibu wanaomsalimia, na akiulizwa anasema shingo ni ya ukoo. Ngazi za uani zina kishikio cha chuma sasa, kipya, kimepakwa rangi mara tatu. Na Brashi? Kila jioni hukaa chini ya ule ukuta na kiti chake, anautazama kwa jicho moja, akipima kwa kidole gumba, na pembeni yake kuna makopo ya rangi na kamba, kwa kuwa upande wa pili wa barabara wanajenga jengo refu zaidi, lenye ukuta mtupu mkubwa zaidi, naye ameshaanza kumsalimia mwenye jengo kwa heshima isiyo ya kawaida.

Ukipita pale asubuhi ukamtazama yule mwanamke, na ukipita tena jioni, utaapa hajasogea.

Usiape.